Masika Tuliyohamia Gatitu

Jumapili, 17 Machi 1968

Tumefika! Naandika nikiwa nimevaa magauni mawili na sweta ya Philemon juu yake, na bado vidole vinakataa kushika kalamu. Siku tano njiani: treni kutoka Tabora hadi Mwanza, meli hadi Kisumu, treni tena hadi Nairobi, kisha basi la kupanda vilima hata masikio yakaziba. Watoto walitapika kwa zamu. Seth alianza, maana ana miaka kumi na hapendi kutanguliwa kwa lolote. Kabula, wa miaka sita, akamfuata. Mama mkwe hakutapika. Alikaa na kikapu chake magotini, akitazama dirishani kama mtu anayepelekwa kortini.

Philemon, mume wangu, ni fundi wa simu, na Posta ya Afrika Mashariki ikikwambia hamia Kenya, unahamia Kenya. Mimi sikulia hata kidogo. Nimefundisha Tabora miaka minane bila kuvuka mpaka wowote, na leo nalala nchi ya watu! Mama ndiye aliyelia. Philemon ni mwanawe wa pekee, hakuweza kumwacha.

Nyumba yetu ni ya mbao na mabati, vyumba vitatu, hapa Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Mwenye nyumba anaitwa Mutahi. Mama yake, bibi mmoja mwembamba aitwaye Warigia, anakaa nyumba ya pili katika uwanja huu huu. Alikuja kututazama, akatushika mikono wote mmoja mmoja, akasema neno moja: "Heho." Mutahi akatufasiria: baridi.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeuona Mlima! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilipotoka kumwaga maji. Mweupe juu, kama mtu amemwaga unga. Nikapiga kelele, wakatoka wote. Walipofika nje ukungu ulikwisha kuufunika. Mama akasema nimeota.

Jumatano, 20 Machi

Hapa hawasagi mahindi yote. Wanayachemsha mazima pamoja na maharage na kuyala hivyo hivyo, na wanashiba! Viazi ulaya wanaviita waru. Chai wanaichemsha na maziwa ndani ya sufuria moja, nzito, tamu. Nimekunywa vikombe vinne. Mama amekunywa kimoja, akasema ni uji uliokosa unga.

Wanawake wanabeba kuni mgongoni, kamba imepita kwenye utosi, na mikono inabaki huru kusuka kikapu huku wanatembea. Nimejaribu nyuma ya nyumba na debe tupu. Shingo inauma.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimecheka hadi mbavu zikauma. Nilimtuma Seth dukani kwa Ngendo akanunue mafuta ya taa. Ngendo akamuuliza mbona ana haraka. Seth akajibu kwa adabu zake zote, "Bibi yangu ananingoja, anaumwa miguu." Duka zima likaangua kicheko. Kumbe huku bibi ni mke! Ngendo akamwuliza, "Na wewe kijana mdogo hivi, bibi umeoa lini?"

Akaona amwokoe. "Unataka kusema nyanya yako. Nyanya yako ako wapi?"

Seth akasema, "Ziko jikoni."

Amerudi amekasirika, anataka kujua nani aliwafundisha watu wa Kenya kwamba bibi yake ni nyanya. Kabula amemwita Mama "nyanya" jioni nzima, na nimeona kwa macho yangu, Mama alitaka kucheka, akajizuia.

Jumapili, 24 Machi

Kanisani. Nyimbo ni zile zile zetu, maneno ni Kigikuyu. Tukaimba Kiswahili katikati yao na hakuna aliyegeuka. Mama alibaki kitandani.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua imeanza. Si kama ya kwetu inayokuja na ngurumo, ikafanya kazi yake ikaenda. Hii inakaa. Udongo mwekundu umekuwa sabuni. Nimeanguka mara mbili leo, na mara ya pili Warigia alinivuta huku akicheka bila kuficha. Nampenda yule mzee.

Jumatatu, 1 Aprili

Jambo kubwa. Philemon amekuja na barua ya Posta: kuna nafasi ya fundi Tabora. Akiitaka, aandike, mwisho tarehe thelathini na moja Mei. Ameisoma kwa sauti mezani. Kosa.

Mama ameweka kijiko chini. "Mungu amesikia. Andika leo."

"Mama, hata mwezi hatujamaliza."

"Huku nitakufa, Philemon. Mtanizika kwenye tope, na maji yatanijaa masikioni."

Mimi nilinyanyua sahani zilizokuwa bado na chakula. Ninataka kukaa! Sikusema. Ni mama yake.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Mama hatoki chumbani.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika haraka kabla sijasahau hata neno. Mama alikaa mlangoni, amejifunga blanketi, anaangalia mvua. Warigia naye alikuwa mlangoni kwake, ng'ambo ya uwanja. Mama akanung'unika kwa Kinyamwezi, akijisemea, "Mbula, mbula, mbula."

Warigia akainua kichwa. "Mbura?"

"Mbula," Mama akasema, akanyoosha kidole juu.

"Ĩĩ! Mbura!" Yule mzee akavuka uwanja kwenye mvua, miguu mitupu, akaketi karibu na Mama. Akaonyesha mbuzi waliokuwa chini ya ghala. "Mbũri."

"Mbuli!" Mama akasema. Naapa alisimama.

Wakaanza kutafuta. Ng'ombe ni ng'ombe kwa wote. Moto haukulingana, wakauacha. Warigia akamwuliza Kabula jina lake, na Mama akaeleza kwa mikono kwamba alizaliwa siku ya mvua. Warigia akapiga kofi. Kumbe nao wana jina hilo hilo: Wambura. Tangu saa hiyo mwanangu ni Wambura, na anaitika!

Jumatatu, 8 Aprili

Wako wawili mlangoni tangu saa nne. Mama anasema Kinyamwezi, Warigia anasema Kigikuyu. Hakuna anayefasiri. Nimesimama jikoni nikisikiliza: Mama alikuwa akimsimulia kifo cha baba mkwe, mwanzo hadi mwisho. Hajawahi kunisimulia mimi. Warigia hakuelewa neno, na alikuwa akitikisa kichwa mahali panapostahili.

Jumapili, 14 Aprili, Pasaka

Mama amekuja kanisani! Amevaa koti la mvua la Philemon, lile la kaki la Posta, linalomfika vifundoni. Warigia alimshika mkono barabara nzima.

Alhamisi, 18 Aprili

Mwalimu mkuu wa shule ya hapa, Bwana Ngatia, amekuja mwenyewe hadi nyumbani, viatu mkononi kwa ajili ya matope.

"Mwalimu Keziah," akasema, "mimi niko na watoto sitini na tatu darasa la pili, na mwalimu moja. Yeye naye anaenda kuzaa. Nimesikia uko na cheti."

"Cheti ni cha Tanzania."

"Hesabu ya Tanzania iko na tofauti gani? Kuja wiki ijayo tuongee na mkaguzi."

Mimi, mwalimu tena! Nilitaka kumkumbatia. Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Umemwambia kwamba tunaondoka?" akaniuliza. Nikasema hapana. Akarudi chumbani kwake.

Jumatatu, 22 Aprili

Warigia alimletea Mama ukufi wa mtama. Mama aliunusa, akafumba macho. "Wapi?" Warigia akasema, "Kagio." Mama ameniuliza Kagio ni nini. Nikamwambia ni soko, mbali, huko Kirinyaga, chini kwenye joto. "Joto," akasema.

Jumatano, 24 Aprili

Nimefanya jambo baya. Jioni Mama alianza tena: mwanawe ataandika lini, amebakiza mwezi mmoja, mimi ndiye ninayemzuia, mimi na hiyo shule yangu. Philemon alikuwa kazini bado. Nikamwambia, na nilisema polepole kabisa, "Mama, kama unataka kwenda, nenda. Njia iko wazi."

Kabula alisikia. Philemon akirudi sitamwambia.

Ijumaa, 26 Aprili

Sasa naweza kuandika. Jana sikuweza.

Jana asubuhi nilikwenda kwa mkaguzi pamoja na Bwana Ngatia. Mambo yalienda vizuri mno! Mkaguzi alitazama cheti, akaniuliza maswali mawili ya hesabu na moja la Kiingereza, akatia sahihi. Nitaanza tarehe sita Mei. Nilirudi nikikimbia kwenye mvua, barua ya kazi imefungwa ndani ya karatasi ya nailoni, nikimtafuta mtu wa kumwambia.

Chumba cha Mama kilikuwa wazi. Kikapu hakipo. Koti la Posta halipo. Kitanda kimetandikwa vizuri kama cha mgeni aliyekwisha kuaga.

Seth na Kabula walikuwa kwa Ngendo. Hawakuwa wamemwona. Mlango wa Warigia ulikuwa umefungwa kwa kamba. Nilisimama pale uwanjani na sauti yangu mwenyewe masikioni: njia iko wazi, njia iko wazi.

Nilikimbia hadi Posta mjini. Philemon alishuka kwenye nguzo aliponiona. Nikamwambia yote, hata maneno yale. Hakunikemea. Alifungua mkanda wake wa kazi, akauweka chini, akasema, "Twende polisi." Kama angenikemea ningepata nafuu.

Zamu ilikuwa ya Sajenti Simiyu, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye mwandiko wa kuvutia. "Aliyepotea ni nani?"

"Bibi wa watoto," nikasema.

Akamtazama Philemon. "Bibi yako?"

"Mama yangu," Philemon akasema.

"Amevaa nini?"

"Vitenge viwili na koti la Posta."

Sajenti akaacha kuandika. "Koti refu? Na yuko pamoja na mama mwingine mwembamba, wanashikana mikono? Hao nimewaona mimi mwenyewe, saa mbili, wakipanda basi ya Kagio. Nilidhani Posta imeandika wamama sasa."

Tulicheka wote watatu, na mimi nikaanza kulia katikati ya kicheko. Kisha akatuambia lililobaki. Mto umefurika mbele ya Karatina. Barabara imekatika tangu saa sita. Basi la kurudi halijaonekana, na simu ya huko haiiti.

Philemon akauliza, "Waya umekatika wapi?"

Alikwenda. Mafundi wanne ndani ya gari la Posta, katika mvua ile, kutafuta mahali waya ulipoangukia. Ni kazi yake, angetumwa hata kama mama yake angekuwa kitandani. Lakini nilimwona alivyopanda gari.

Mimi nilirudi Gatitu. Mutahi alikuwa amefika, amesimama mlangoni kwa mama yake na ile kamba mkononi.

"Mama yako amepeleka mama yangu wapi?" akaniuliza.

"Nilidhani mama yako ndiye amempeleka wangu."

Akafikiri. "Hata hiyo inaweza kuwa," akasema. "Kagio kuna mtoto wa dada ya mama yangu, Wakonyo. Anauza mchele. Kama walifika, watakuwa kwake. Kama walifika." Aliketi kwenye kizingiti na hakuondoka mpaka giza lilipoingia. Nilimpa chai. Nilifurahi kwamba yupo.

Usiku wote nilimpangia Mama maneno. Nilimwomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi, na kwa namna nyingine ambazo sizijui.

Leo saa saba mchana lori la mchele likasimama barabarani. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Likashuka kwanza koti la kaki, kisha Mama ndani yake, matope hadi magotini, kilemba kimepotea, anacheka! Sijamwona akicheka hivyo tangu alipofariki baba mkwe. Nyuma yake Warigia, amekumbatia mfuko. Dereva akawashushia mchele, mtama, karanga na kuku mmoja mwekundu aliyekuwa hai na mwenye hasira.

Nilimkimbilia. Nikasema, "Mama, nisamehe, sikuwa—"

"Shika kuku," akasema.

Nikashika kuku.

Wamelala kwa Wakonyo. Mama amesimulia yote tangu saa hiyo bila kupumua. Kagio kuna joto! Jasho lilimtoka! Wakonyo alipika wali kwa karanga. Leo asubuhi walipofika mtoni maji yalikuwa yamepungua, lakini basi lilikataa kuvuka, wakashuka wakavuka kwa miguu juu ya mawe, watu wameshikana kamba, na katikati kabisa akawaona watu wa Posta juu ya nguzo ng'ambo ya pili, na mmoja wao alikuwa Philemon. Ng'ambo wakapata lori la mchele, likawaleta.

"Nikamwita. Akataka kuteremka. Nikamwambia kaa hapo hapo, maliza kazi!" Akapangusa matope magotini. "Sikuwahi kuiona kazi yake. Miaka yote nasikia simu, simu. Yuko juu kule, na upepo, na chini yake maji. Watu wote wa soko wanamngoja yeye."

Philemon amerudi jioni. Mama alikuwa amempikia ugali wa mtama. Hakuna aliyetaja barua.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilimwomba radhi vizuri leo, tukichambua mchele. Akasema, "Ulisema njia iko wazi. Nikaenda kuitazama." Kisha akasema, "Ulisema ukweli, lakini usirudie."

Sitarudia.

Jumatatu, 6 Mei

Watoto sitini na tatu! Nimejua majina kumi na moja. Nikisema "kitabu changu" wanajibu "kitabu yangu," wote kwa pamoja, kwa furaha. Theuri, kibonge wa mbele, ameniambia, "Mwalimu, wewe unaongea kama redio." Sauti imekauka. Nina raha hata sijui nikae wapi.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Mama ameanza kusema "ati" kama watu wa huku.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mwisho ya barua. Philemon alirudi mapema, akaweka karatasi na kalamu mezani, akamwita Mama. Seth na Kabula walijibanza mlangoni. Mimi nilisimama jikoni na kisu mkononi na kitunguu ambacho sikukikata.

"Mama," akasema, "wewe sema. Ukisema turudi, naandika sasa."

Mama aliitazama ile karatasi.

"Mimi nitarudi," akasema. "Kaburi la baba yako liko kule, na mifupa yangu haiwezi na baridi hii. Nitarudi nikae na dada yangu. Lakini sikusema ninyi."

"Mama, siwezi kukuacha peke yako."

"Umeniacha lini? Mimi ndiye ninayeondoka." Akaivuta ile karatasi, akaikunja mara mbili, akampa Kabula akachoree. "Mkeo ana watoto sitini na tatu. Nani atawafundisha? Yule mwenye viatu mkononi?"

Nilitoka jikoni. Alinitazama akasema kitunguu kimeniliza, nikaoshe uso.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua imekwisha. Asubuhi hii Mlima ulikuwa wazi wote, na Mama aliuona. "Kumbe hukuota," akasema.

Philemon amechukua likizo ya kumsindikiza. Tulikwenda stendi sote, na Mutahi akatubebea sanduku. Nilishangaa kwamba Warigia hakutoka kuaga. Nikadhani uchungu umemzidi.

Basi lilikwisha kuwashwa alipotokea. Amevaa gauni la kanisani, kiondo mgongoni, viatu vipya mkononi. Akapita mbele ya mwanawe moja kwa moja hadi mlango wa basi.

"Mama!" Mutahi akasema. "Unaenda wapi?"

Alimjibu Kiswahili, ili sote tusikie. "Naenda na huyu."

"Mpaka Nairobi?"

"Mpaka kwake."

Mutahi akaliweka sanduku chini. "Hiyo ni nchi ingine! Ni treni, ni meli, ni treni ingine! Mama, hata rugha yao hujui!"

Warigia akageuka, mguu mmoja ukiwa tayari juu ya ngazi. "Na yeye alikuja hapa akijua yetu?"

Nikamtazama Philemon, alikuwa ameinama anakaza kamba ya sanduku ambayo haikuwa imelegea. Mama akafungua fundo la kitenge, akatoa tiketi mbili, akampa kondakta bila kumtazama yeyote kati yetu.

"Atarudi lini?" Mutahi akaniuliza mimi, kama mimi ndiye ninayejua.

"Akichoka," Mama akajibu kutoka dirishani. Kisha wakaanza kugombana nani akae upande wa kuona, mmoja kwa Kinyamwezi, mwingine kwa Kigikuyu, na basi likaondoka wakiwa bado hawajaafikiana.

Tulirudi Gatitu kwa miguu, mimi, watoto na Mutahi. Kwa mara ya kwanza aliingia ndani kwetu, akaketi mezani. Nilimimina chai. Alikunywa nusu, akatikisa kichwa.

"Siku ngapi hiyo Tabora?"

"Tano."

Akahesabu kwa vidole, mkono mzima. "Mwalimu, mama yangu hajawahi kukaa kanisani mpaka ibada ikaisha," akasema, na kicheko kikamshika hata akaweka kikombe chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nasi tukacheka naye, na chai ikapoa.